Kuvuna chaza bila kuubomoa mwamba wao

Wanaonijia kutaka kujifunza kuvuna chaza huanza na swali lilelile: wako wapi wengi? Mimi huwaanzisha kwingine. Huwapa ufito mrefu uliotiwa alama kila sentimita kumi, washuke nao, wapime mwamba umeinuka kiasi gani kutoka kwenye tope. Wengine hununa. Wamekuja kuvuna, na mimi nawapa kazi ya fundi wa vipimo. Lakini ufito huo ndio utakaotoa ushahidi msimu ukiisha, kama ulivuna au ulibomoa.

Kazi hii nimeifanya kwa njia tatu. Nimevuta kikapu cha chuma nyuma ya chombo, nimetumia koleo refu la kubania kutoka juu ya chombo mpaka mabega yakawaka moto, na sasa nazamia na kuokota kwa mkono. Nazamia si kwa sababu nina huruma kuliko wenzangu. Nazamia kwa sababu nimeona chini kukoje baada ya kila njia, na mtu akishaona hawezi kujifanya hajaona.

Kwa nini urefu

Lava wa chaza, yaani kichanga kilichotoka kwenye yai, huelea majini kwa wiki mbili au tatu hivi. Anapokuwa tayari kutua hajafika hata nusu milimita. Anatafuta kitu kigumu na safi kisichozama kwenye tope, na kati ya vitu vyote vigumu anachokipenda zaidi ni kombe la chaza mwenzake, awe hai au mfu. Akishajigandisha hapo hahami tena mpaka kufa. Mwingine hutua juu yake, mwingine juu ya huyo, na wa chini wanapokufa makombe yao hubaki kuwa msingi. Ni ghorofa ambayo kila mpangaji akifa anageuka kuwa tofali. Ukiinua chaza mmoja, kwa hiyo, umechukua nyama ya leo pamoja na sakafu ya chaza wa kesho.

Sasa, juu na chini ya mwamba huo si mahali pamoja. Kileleni mkondo una kasi, unaleta chakula na kupeperusha tope. Chini maji ni mazito, tope linatua, na wakati wa joto maji ya chini kwenye milango mingi ya mito huishiwa oksijeni. Chaza anaweza kufumba makombe yake akavumilia siku kadhaa, lakini hawezi kukaa hivyo wiki baada ya wiki. Mwamba mrefu huwa umetoa kichwa juu ya maji hayo mabaya. Uliokatwa kichwa unazama humo mzima mzima, na wanaokufa si wale uliowavuna, ni wale uliowaacha ukidhani umewaacha salama.

Jambo hili lilipimwa kwenye mlango wa mto Neuse, North Carolina, nchini Marekani. Watafiti Hunter Lenihan na Charles Peterson walionyesha mwaka 1998 kwamba miamba iliyofupishwa na uvunaji ndiyo iliyoumizwa zaidi oksijeni ilipopungua. Mwaka 2004 wakachapisha kipimo ambacho mimi hukirudia kwa kila mwanafunzi: kikapu cha kukokota kilipunguza urefu wa mwamba kwa asilimia 34, koleo kwa asilimia 23, na mzamiaji anayeokota kwa mkono kwa asilimia 6. Na lililowashangaza wengi ni kwamba mzamiaji alipata chaza wengi zaidi kwa muda uleule wa kazi, kati ya asilimia 25 na 32 zaidi. Mimi halikunishangaza. Mzamiaji anaona anachochukua. Aliye juu kwenye chombo anavuta kila kitu, kisha anapoteza nusu ya siku kuchambua takataka.

Ukiwa na mwamba uliosimama, kuna wengine humo wasiokuhusu sokoni lakini wanakuhusu sana: kaa wadogo kwenye nyufa, kamba, samaki wachanga wanaojificha kati ya makombe mpaka wapate nguvu ya kutoka. Karl Möbius, Mjerumani aliyetumwa kuchunguza vitanda vya chaza kwenye pwani ya Bahari ya Kaskazini, aliandika mwaka 1877 kwamba kitanda cha chaza ni jamii nzima ya viumbe wanaotegemeana, na wanasayansi wa mazingira wameishikilia fikra hiyo hadi leo. Chaza mmoja mzima, hali ikiwa nzuri, anaweza kuchuja hadi lita 190 za maji kwa siku. Mwamba ukilala chini, kazi hiyo yote inapungua, maji yanakuwa machafu, na machafu hayo yanawaua waliobaki.

Soma mwamba kwanza

Kabla ya kuvuna siku ya kwanza ya msimu, weka fremu ya mraba, nusu mita kwa nusu mita, sehemu kadhaa: kileleni, ubavuni, na chini kabisa. Katika kila fremu hesabu walio hai, walio wafu, na wachanga walioshika. Mfu unamtambua kirahisi: makombe mawili bado yameshikana lakini yameachana kidogo, na ndani kumejaa tope. Ukiwa na wasiwasi gonga mawili pamoja. Aliye hai anatoa sauti nzito, ya jiwe. Mfu analia kama kopo tupu.

Wachanga ndio wanaotaka macho. Wanakaa juu ya makombe ya wakubwa, wadogo kuliko ukucha wa kidole kidogo, bapa, wakati mwingine rangi yao ni sawa kabisa na ya kombe lenyewe. Pitisha kidole gumba taratibu. Utawahisi kabla hujawaona. Tazama pia ukingo wa wale wakubwa. Ukingo mwembamba, mweupe, unaovunjika kwa kuugusa tu, ni dalili kwamba chaza huyo anakua sasa hivi. Ukingo butu na mnene maana yake amesimama.

Ikiwa wafu wanakaribia kuwa wengi kama walio hai, au fremu baada ya fremu huoni chaza mchanga hata mmoja, ondoka. Tafuta mwamba mwingine. Najua inauma kama umeshachoma mafuta kufika hapo.

Andika vipimo hivyo pamoja na urefu wa ufito, na urudi kupima palepale msimu ukiisha. Funga kamba yenye kipande cha plastiki ili upajue. Mwamba ukiwa umeshuka zaidi ya upana wa kiganja, mwaka unaofuata usiuguse.

Uchaguzi wa zana

Kama maji yanaruhusu, mkono. Unahitaji glavu nene, nyundo ndogo, patasi butu, na mfuko wa wavu. Kwa mwamba unaotokeza maji yakipwa, bamvua ndiyo siku yako, kwa kuwa maji hukimbia mbali na unapata saa za kutosha kufanya kazi bila pupa. Pita kwenye tope au kwenye mifereji ya mchanga iliyo kati ya miamba. Usitembee kileleni. Buti la mtu mmoja likikanyaga ukingo wa wachanga huponda mavuno ambayo hakuna atakayeyahesabu. Nanga nayo iteremshwe mchangani, kisha ulegeze kamba mpaka chombo kikae unapotaka.

Koleo refu, yaani reki mbili zenye mipini mirefu zilizounganishwa kwa pini, bado lina nafasi yake pale maji yalipo na tope hata mzamiaji haoni mkono wake mwenyewe. Kosa la wengi ni kulipigapiga chini kama wanachimba kisima. Lishushe mpaka lihisi ugumu, lifunge mara moja, liinue. Ukihisi limeshika kitu kisichotaka kutoka, lifungue, umeshika msingi. Na usidhani koleo peke yake ni kinga. Ghuba ya Apalachicola kule Florida ilivunwa kwa koleo miaka na miaka, na bado uvuvi wake uliporomoka mwaka 2012, maji matamu yalipopungua na makombe ya kushikia wachanga yakawa hayatoshi. Mwaka 2020 uvunaji wa chaza wa asili ukafungwa humo, kwa muda wa hadi miaka mitano.

Kikapu cha kukokota nitakisema bila kumung'unya maneno. Ni fremu ya chuma yenye meno mbele na mfuko wa pete za chuma nyuma. Kikipita juu ya mwamba uliosimama kinakata vilele, kinasambaza makombe kwenye tope, na kinatimua vumbi la mashapo linalokuja kutua juu ya wale ambao hakikuwagusa. Mkondo ukiwa dhaifu unaweza kuzamia baadaye ukakuta unga huo umelala juu ya kila kitu. Jimbo la Maryland liliruhusu zana hiyo mwaka 1865, na katikati ya miaka ya 1880 Ghuba ya Chesapeake upande wa Maryland ilikuwa inatoa takriban busheli (vikapu vikubwa vya kupimia) milioni 15 kwa mwaka. Baada ya hapo ni kushuka tu. Wenye vyombo hupenda kuulaumu ugonjwa, na kweli maradhi mawili ya vimelea yaliwaangamiza chaza wa ghuba hiyo katika nusu ya pili ya karne ya 20. Ila mavuno yalikuwa yameporomoka miongo mingi kabla ya hapo. Ugonjwa uliikuta nyumba tayari haina paa.

Wapo watakaokujibu kwamba kikapu husafisha tope na kufukua makombe yaliyozikwa. Kwenye kitanda bapa ambacho mfugaji amepanda mwenyewe, na anajua atapanda tena, hoja hiyo ina uzito, na wako wanaokokota fremu isiyo na mfuko kwa kusudi hilohilo. Kwenye mwamba wa asili haina. Na kama leseni yako au kina cha maji kinakulazimisha kukitumia, basi chukua chepesi, vuta mvuto mfupi, usirudi juu ya mstari uleule, simama kabla mfuko haujajaa pomoni. Mfuko uliojaa haushiki tena chaza, unaburuta tu na kusaga. Na kazi ya kuchambua ifanyike hapohapo chombo kikiwa juu ya mwamba, sio njiani kurudi. Makombe yanayotupwa njiani yanaishia kwenye tope, na kwa mwamba hayo yamekwisha kupotea.

Kutenganisha kishada

Hapa ndipo mvunaji mzuri anapojitenga na mwenye pupa. Chaza wa kuvunwa hawakai mmoja mmoja. Wanakaa kwenye vishada, wakubwa wawili watatu na wadogo wanane wameshikana kila upande. Mwenye pupa anang'oa kishada kizima, anakwenda kukitenganisha ufukweni, na wadogo wanaishia juani.

Fanya hivi. Usikivute kishada. Kishike kwa mkono wa glavu, geuza shingo yako badala ya kukigeuza chenyewe, utafute mkubwa aliye ukingoni. Tazama mahali alipogandana na wenzake. Mara nyingi ni upana wa sarafu, karibu na ncha yake nyembamba, kwenye bawaba. Weka patasi hapo, ikilala sambamba na kombe lake na si kuelekea kwa jirani, kisha gonga mara moja, pigo fupi. Akiwa tayari kuachia utasikia mlio mkavu. Asipoachia kwa mapigo mawili, mwache. Anayeng'ang'ania hivyo ukimlazimisha atatoka na kombe lililovunjika, na sokoni huyo hana bei, na wenzake watakuwa wameshapasuka.

Ukimpata, mtazame mgongo. Kama amebeba wachanga wengi, mrudishe. Kama ni mmoja au wawili, unaweza kuwabandua kwa ncha ya kisu, lakini wengi wa wanaobanduliwa hufa, kwa hiyo usijidanganye kwamba umewaokoa. Mimi anayebeba zaidi ya watatu sichukui.

Unachorudisha kirudishe juu ya mwamba kwa mkono. Usikirushe. Kishada kilichogeuka kikalala kifudifudi kwenye tope hufa kwa kukosa pumzi.

Ukubwa, na wale majitu

Pima kila mmoja kwa kibao chenye pengo la kipimo kinachoruhusiwa unapovuna. Kwa Maryland na Virginia kipimo cha chini ni inchi 3, milimita 76. Kwingine kiko tofauti, na spishi nazo zinatofautiana, kwa hiyo uliza kabla ya kushuka.

Sheria nyingi zinamlinda mdogo na kumsahau mkubwa sana. Mimi sikubaliani nazo. Chaza wa jenasi (kundi la spishi ndugu) ya Crassostrea wengi huanza maisha wakiwa madume, kisha hugeuka majike wanapokua. Maana yake ni kwamba yale majitu yaliyo kileleni, ambayo kila mgeni anataka kuyaonyesha, mengi ni mama, na mama mmoja mkubwa hutoa mamilioni ya mayai kwa msimu. Halafu kombe lake nene ndilo linalodumu zaidi likibaki mwambani. Yaache. Wanunuzi wenyewe hawayapendi, ni magumu kufungua na nyama yake ni nyingi mno kwa kula mbichi.

Usivune eneo moja ukalimaliza. Chukua mmoja hapa, sogea, chukua mwingine, kama anayepunguza miche iliyobanana. Wanaobaki wanapata nafasi na chakula, na kilele kinabaki kilele. Ukishamaliza upande mmoja wa mwamba, upumzishe msimu mzima au zaidi. Wakati wa kutaga usivune kabisa, hata kama sheria imenyamaza. Chaza anayetaga ni maji matupu ndani, nyama imelegea, na ukimbughudhi unapoteza kizazi chake chote kwa bei ya chini.

Na hili la afya nilipitie haraka kwa sababu halina mjadala: usivune kwenye maji yaliyofungwa na mamlaka, karibu na mifereji ya maji taka, au mara tu baada ya mvua kubwa. Chaza huchuja kila kinachopita, kibaya kwa kizuri.

Chaza wa mikoko

Kwenye mikoko mwamba ni mzizi wenyewe. Chaza wamejigandisha kwenye mizizi inayoning'inia, na njia ya mkato ni kuukata mzizi kwa panga, kuupakia mzima na kwenda kuwang'oa nyumbani. Ukikata mzizi umekata kitanda cha mwaka ujao, na kwa vile mzizi huo unausimamisha mti, umeanza kuuangusha mti pia. Badala yake, nenda maji yakiwa yamepwa, ushike mzizi kwa mkono mmoja uliovaa glavu, na kisu kifupi kwa mwingine. Kata kati ya chaza na gome, ukielekeza makali upande wa kombe. Chukua wa juu na wa katikati waliofika kipimo, acha wale wa ncha ya chini ambao hawakai nje ya maji muda mrefu. Hao hukua haraka na hujaza mzizi tena.

Wanawake wa TRY, chama cha wavunaji chaza nchini Gambia, ni mfano ninaoupenda. Waliacha kukata mizizi, wakarefusha msimu wa kufunga, wakapanda mikoko, na mwaka 2012 serikali ikawapa haki ya pekee ya kuvuna chaza katika ardhioevu ya Tanbi karibu na Banjul. Haki hiyo ndiyo kiini cha mambo. Mtu akijua kwamba mzizi anaouacha leo hautavunwa kesho na mpita njia, ana sababu ya kuuacha.

Kurudisha makombe

Kombe halidumu milele. Sponji, viumbe wa baharini wanaotoboa makombe, hulila, maji hulimong'onyoa, tope hulizika, na kwa miaka michache tu linaweza kuwa limekwisha. Mwamba unaishi ikiwa makombe yanayoingia yanazidi yanayotoka. Kila gunia unalouza ni makombe yaliyotoka, basi yatafute yarudi. Ongea na mahoteli na wachuuzi wanaokununulia, wape ndoo zenye vifuniko, upitie kuzichukua. Wakikuambia hawana nafasi ya ndoo, punguza bei kidogo kwa anayerudisha. Nafasi itapatikana.

Yakifika, usiyamwage baharini siku hiyohiyo. Yametoka nchi na maji tofauti, yana mabaki ya nyama, na yanaweza kubeba vimelea. Yatandaze juani kwenye uwanja wenye uzio, kimo kisizidi kiuno ili hewa ipite, na uyageuze kila mwezi. Yaache angalau miezi sita. Yakiwa tayari hayanuki, hayana hata uzi wa nyama kwenye bawaba.

Muda wa kuyarudisha una maana kubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Yakimwagwa mapema mno, kabla lava hawajaanza kutafuta pa kutua, yatavaa utelezi wa mwani na tope, na lava watayapita. Mimi huning'iniza kamba yenye makombe machache safi kwenye nguzo au boya na kuikagua kila wiki kwa lenzi ya mkono. Nikiona vidoa vya kwanza vya wachanga, siku hiyo napakia chombo. Mwaga juu ya sehemu iliyoshuka, palipo na makombe tayari chini, kwa mafungu yaliyoinuka na si kwa kutandaza mkeka. Fungu lenye kimo cha goti likizungukwa na mkondo litashika wachanga zaidi kuliko makombe yaleyale yaliyotandazwa bapa, kwa sababu tope halitalifikia lote. Kisha weka boya, na uwaambie wenzako wa koleo wasiliguse mpaka wachanga hao wafike kipimo.